Kiti cha Tatu Kina Mtu

Taulo lilikuwa limelowa.

Meneja alilishika kwa vidole viwili, akalinusa. Alikuwa amelitandika mwenyewe jana jioni kwenye kiti cha tatu, likiwa kavu, na mlango aliufunga mwenyewe kwa kufuli mbili. Paa halikuvuja. Bomba lilikuwa upande wa pili, kwenye sinki la kuoshea. Lakini taulo lilikuwa limelowa mahali pamoja tu, pale juu, ambapo mtu aliyetoka kuoshwa nywele huegemeza kisogo chake.

"Nani kamwaga maji hapa?"

Wasusi wake wawili walikuwa wanavaa aproni. Mmoja alikuwa mrefu mno, hata wateja walimwita Twiga. Alitazama taulo, akainua mabega. Mwenzake, aliyezaa watoto wawili kwa mpigo na tangu hapo akaitwa Mama Pacha, alisema, "Meneja, ndiyo kwanza tunaingia. Hata maji hatujafungulia."

"Kwa hiyo limejilowesha lenyewe."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Basi nyamaza."

Akalitoa, akatandika jingine. Alikuwa na hasira, lakini hasira kwake siku hizo haikuwa habari. Aliamka nayo, akanywa nayo chai, akalala nayo.

Katika saluni ile kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Taulo likitandikwa juu ya kiti, kiti kina mtu. Labda yuko kwenye draya, labda yuko kwenye sinki, labda katoka kupokea simu. Atarudi. Hata uwe mteja mkubwa namna gani, hukalii taulo la mwenzako. Na kiti cha tatu, kile cha karibu na dirisha, kilikuwa na taulo kwa miezi miwili.

Kilikuwa kiti cha mdogo wake. Saluni waliifungua wote wawili. Huyo mdogo watu walimwita Wembe, kwa sababu ya mkono wake na kwa sababu ya ulimi wake. Meneja alitabasamu na Wembe alisema ukweli, ndivyo kazi ilivyogawanyika. Mteja akija na picha ya nywele za kufika kiunoni, naye kichwani ana nywele zisizoshika hata kibanio, Meneja alisema, "Tutaangalia, mpenzi." Wembe alisema, "Shangazi, picha ina nywele zake na wewe una zako. Tufanye tunachoweza, kilichobaki tumwachie Mungu." Na mteja alicheka, akakaa.

Jumamosi moja saluni ilijaa. Wembe alimpaka mteja dawa ya kulainisha nywele, akapokea simu, na dawa ikakaa kichwani kupita muda wake. Mteja alipopiga kelele, ngozi ilikuwa imeshaanza kuchubuka. Meneja alimwosha yule mama, akamwomba radhi, akakaribia kumpigia magoti. Kisha akamgeukia mdogo wake mbele ya watu kumi. Alisema maneno mengi. La mwisho lilikuwa, "Ondoka. Usirudi."

Wembe alitoka na aproni yake mwilini. Gari lilimgonga kabla hajafika ng'ambo ya barabara.

Mtu hufa siku yake ikifika, wala hakuna neno la binadamu linaloisogeza siku hiyo mbele. Meneja alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kulijua jambo hakumpi mtu usingizi. Siku ya maziko mama yao alimwuliza, "Mliagana vizuri, mwanangu?" Akajibu, "Vizuri, mama." Alipofungua tena saluni alitandika taulo kwenye kiti cha tatu, na kila aliyeuliza alijibiwa neno moja.

"Kina mtu."

*

Watu hudhani kusimamia saluni ni kukaa juu ya kiti kirefu na kunusa manukato. Kumbe ni kazi ya kumeza. Unammeza mteja anayetaka kufumuliwa kazi ya saa tano kwa sababu shoga yake kamwambia haikumpendeza. Unammeza anayekuja na watoto watatu, akaingia chini ya draya asiwasikie, na watoto wakamwaga mafuta sakafuni. Unammeza msusi anayemnong'oneza mteja, "Nitakufuata kwako, hapa usirudi." Umeme ukikatika kichwa kikiwa nusu, anayetazamwa ni wewe, kana kwamba umeuficha mfukoni.

Zamani Wembe ndiye aliyemsaidia kutema. Sasa alimeza peke yake.

Alhamisi ile aliingia mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi.

"Nilisema nakuja saa nne," mwalimu alisema, akitupa mkoba.

"Sasa ni saa saba, mwalimu."

"Si nimefika? Mimi nina kikao saa tisa." Akatazama huku na huku. "Mbona kile kiti ni kitupu?"

"Kina mtu."

"Yuko wapi? Au siku hizi mnasuka vivuli?"

Wateja wakacheka. Meneja alitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Na wakati kicheko hicho hakijaisha, kiti cha tatu kilishuka.

Viti vyao vilikuwa vya kupandishwa kwa pedali. Mtu akikaa, kiti hushuka kidogo na kutoa pumzi. Fyuuu. Kila aliyewahi kukaa saluni anaijua sauti hiyo. Kiti kilishuka kiasi cha uzito wa mtu mzima, kikatulia.

"Hicho kinataka fundi," Twiga alisema, haraka mno.

Jioni Mama Pacha alifagia. Chini ya kiti cha tatu alikuta nywele, fupi fupi, zenye wekundu wa hina. Hakuna aliyekuwa amekaa pale. Akazizoa haraka, akazifunika pipani.

*

Ijumaa Meneja alifungua mapema, mara tu baada ya sala ya alfajiri, ili aoshe mataulo kabla ya watu. Alikuwa hajawasha taa. Kulikuwa na harufu ya ile dawa ya nywele, kali, kama yai viza lililochanganywa na sabuni, ilhali tangu Jumamosi ile hakuna aliyethubutu kuifungua.

"Umechelewa kufungua."

Sauti ilitoka kwenye kiti cha tatu. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi kabla hajanywa chai.

Ulimi wa Meneja ulitaka kutaja jina la Mungu. Ungelitaja, na mambo yangeishia hapo. Lakini hasira ilifika mdomoni kwanza.

"Na wewe umechelewa kuomba radhi," alisema.

"Umenifukuza mbele za watu."

"Ulimchoma mtu wa watu kichwa!"

"Ungenivuta pembeni."

"Na wewe ungeiacha simu!"

Waligombana hadi jua likapiga dirishani. Meneja alitokwa jasho kama aliyefua mablanketi. Kiti kilipopanda tena, fyuuu, akabaki na taulo lililolowa, alijikuta analia, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote za miezi miwili ile. Ugomvi ulikuwa bado haujaisha. Na kama haujaisha, basi lile neno lake halikuwa la mwisho.

Akawa anafungua mapema kila siku. Ugomvi ulizunguka palepale kama ng'ombe anayezungusha kinu cha mafuta. Jambo moja aliligundua, akalisukuma pembeni. Wembe wa zamani aligombana huku anacheka. Huyu hakucheka hata mara moja.

Na hasira aliyoimeza miaka yote ikaanza kutoka mchana, mbele za watu. Mama mmoja alilalamika kwamba mistari yake imekazwa. "Kichwa chako ndicho kikubwa," Meneja alimjibu, na mama yule akatoka na nusu kichwa. Bibi harusi mtarajiwa alimwuliza kama atapendeza. "Mwulize aliyekuchumbia, yeye ndiye asiyeona vizuri." Twiga alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka.

"Meneja," alinong'ona siku moja, "jana nilikuja mapema. Nikasimama nje. Nikasikia unaongea."

"Naongea na simu."

"Simu ilikuwa inakujibu kwa sauti ya marehemu." Twiga alishusha sauti zaidi. "Na dada, samahani. Hebu funga vizuri kitambaa chako. Kisogoni."

"Kisogoni kuna nini?"

Twiga alirudi kwenye mteja wake.

*

Ijumaa iliyofuata, alasiri, mwalimu alirudi. Safari hii aliwahi. Lakini viti viwili vilikuwa na watu, benchi limejaa, draya zote zinanguruma.

"Leo nakaa pale," alisema.

"Kina mtu, mwalimu."

"Dada, mimi nilikuja msibani kwenu. Wiki iliyopita nilitania bila kukumbuka. Namjua mwenye kiti hicho, Mungu amrehemu. Hatarudi." Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata Meneja vibaya zaidi. Mwalimu akaliondoa taulo, akaliweka begani, akakaa.

Kiti hakikushuka. Kilipanda, polepole kwanza, pedali ikijikanyaga yenyewe, ka, ka, ka, kikapita kimo ambacho viti vile hufika, na mwalimu akaanza kucheka akidhani ni utani wa wasusi, kisha akaona kwenye kioo kwamba hakuna mtu nyuma yake, na kicheko kikakatika, kwa maana draya zote zilikuwa zimenyamaza kwa pamoja na katika kimya kile ilisikika mashine ya kunyolea, iliyokuwa imelala kwenye meza bila waya wake kuchomekwa popote, ikiwaka na kunguruma, ikipanda hewani hadi nyuma ya kichwa chake, na ile harufu ya yai viza ikajaa chumba kizima hata watu wakaziba pua, na nywele zikaanza kudondoka sakafuni, mafungu kwa mafungu, nyekundu za hina, huku mwalimu akipiga mayowe na kujishika kichwa ambacho nywele zake nyeusi zote zilikuwa bado zipo, hata moja haijaguswa.

Watu wote walizitazama zile nywele nyekundu. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Meneja.

Kitambaa chake kilikuwa kimeanguka, na nywele zilizobaki kichwani mwake zilikuwa nyekundu za hina ileile. Alipeleka mkono kisogoni. Palikuwa laini kama kiganja.

Saluni ilibaki tupu kabla mtu hajahesabu kumi.

*

Mama Pacha alikuwa na shangazi aliyefanya kazi ambayo wengi huikimbia. Aliosha maiti za wanawake. Alikuja asubuhi ya pili, mwanamke mfupi, mikono yake mikavu na safi, begani ana mfuko wenye msahafu na kitana cha mbao. Hakufukiza chochote. Aliketi kwenye benchi, akasoma aliyoyasoma kwa sauti ya chini, muda mrefu, na kiti cha tatu, ambacho Meneja alikuwa amekitandikia taulo tena, kilishuka na kupanda, kikashuka na kupanda, kama kifua cha mtu mwenye homa.

Kisha akanyamaza.

"Mbona umeacha?" Meneja aliuliza.

"Nikiendelea atatoka mlangoni, na wewe kesho utamtandikia taulo."

"Huyo ni mdogo wangu."

"Mdogo wako nilimwosha mimi, binti yangu. Nilimfumua nywele kwa vidole hivi. Nikazisuka mikia mitatu, nikailaza nyuma. Aliyekufa hageuki akarudi kukaa saluni. Ana safari yake, na Mola wake anamtosha. Umefanya kosa moja. Kila siku ulisema kina mtu, na hapakuwa na mtu. Kuna viumbe hawana pa kukaa. Mmoja amesikia."

"Ana sauti yake! Anajua tulichosema!"

"Mlisema mbele ya watu kumi. Hata mimi nimekisikia." Hakukasirika. "Haya, mjaribu. Mwombe radhi."

Meneja alisimama pale na mikono ikining'inia. Aliweza kumtukana aliyekuwa kwenye kiti kile kuanzia alfajiri hadi magharibi. Neno hili moja lilimchoma kama mwiba. Alijua, kabla hajalisema, kwamba jibu likikosekana atakuwa amebaki na lile lake: Usirudi.

"Mdogo wangu," alisema. "Nisamehe."

Tone moja la maji lilianguka kutoka kwenye taulo.

"Umenifukuza mbele za watu," sauti ikasema.

"Ni kweli. Nisamehe."

"Umenifukuza mbele za watu. Umenifukuza mbele za watu. Umenifukuza..." na kila iliporudia, mkwaruzo ule wa asubuhi ulizidi kupotea, hadi kilichobaki hakikuwa tena sauti ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa.

"Unaona," muosha maiti alinong'ona. "Kugombana anajua. Kusamehe hawezi. Hukumkosea yeye." Akafunga mfuko wake. "Kiti kinataka mtu wa kweli. Nenda kamlete mwenye haki nacho."

*

Mama yao alikuwa ameketi juu ya kitanda, kitambaa kichwani. Hakuwa amechana nywele tangu maziko. Meneja alipiga magoti, akasema yote: dawa, watu kumi, lile neno, ule uongo wa siku ya maziko.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akampiga kofi, la kiganja kizima.

"Nilijua," alisema. "Alinipigia akiwa mlangoni pako. Analia na kucheka. Akasema, mama, dada kanifukuza tena, hii ni mara ya saba. Nakwenda ng'ambo ya barabara kumtafutia yule mama barafu ya kichwa, kisha narudi nimwombe radhi." Akajipiga kifua. "Mimi ndiye niliyekuwa namwongelesha akivuka. Mimi! Miezi miwili nimekaa nalo hili kifuani, nikingoja uje unieleze mwenyewe, nami nikueleze langu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nagombana naye, mama."

"Basi twende nikamwone huyo unayegombana naye."

Waliingia saluni saa saba ya mchana, jua kali nje. Ndani palikuwa na baridi ya kisimani. Muosha maiti alikuwa anasoma. Twiga na Mama Pacha walisimama ukutani wameshikana mikono kama watoto. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha tatu, na alipounyosha mkono kulishika taulo, lile taulo likavimba, likachukua umbo la kichwa na shingo na mabega, na kutoka chini yake ikatoka sauti ya Wembe, tamu, ya utotoni kabisa, sauti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia.

"Mama, usikae. Kina mtu."

Meneja aliziba masikio. Mama hakuziba yake.

"Mwanangu hakuwahi kuninyima kiti," alisema. "Toka hapo, mlaaniwa."

Akamgeukia binti yake aliyebaki. "Sema ukweli."

"Mama, siwezi. Nikisema sitaisikia tena sauti yake."

"Na mimi nitaisikia wapi? Sema!"

Meneja alilishika lile taulo kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kama mtu aliyezimia, na lilikuwa la baridi, na chini yake kitu kilimng'ang'ania vidole kwa vidole, kikilia kwa sauti ya mdogo wake, kikiomba, kikitukana, kikimkumbusha jina la utani alilompa walipokuwa wanalala kitanda kimoja, na machozi yalimziba macho hata hakuona tena kiti wala kioo, na alivuta, akavuta huku akipiga kelele kwa hasira yote aliyomeza miaka yote, kwa jina la Mungu, hakina mtu, hakina mtu, mdogo wangu amekufa, hiki kiti hakina mtu.

Taulo likamjia mikononi, jepesi, kavu. Kiti kilianguka hadi chini kabisa kwa kishindo kimoja. Kioo cha mbele yake kikapasuka kutoka kona hadi kona. Harufu ya yai viza ikapita katikati yao kuelekea mlangoni, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Mama akakaa. Kiti kikashuka kidogo kwa uzito wake. Fyuuu. Akavua kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimeshikana kama nyasi kavu.

"Nisamehe, mama."

"Nimekukasirikia bado," mama alisema, akimtazama kwenye kioo kilichopasuka. "Nichane kwanza. Polepole, kichwa kinaniuma."

Akamchana hadi alasiri.

*

Wateja walirudi mmoja mmoja, kama wanavyorudi. Mwalimu alichelewa kuliko wote, na alipokuja alikuja saa saba badala ya saa nne, akasema ana kikao. Nywele za Meneja zimeota, lakini kisogoni zimeota nyeupe, na hapo hina haishiki. Kiti cha tatu anakalia yeyote. Mataulo yanatandikwa mabegani mwa watu tu.

Wiki iliyopita aliingia msichana mmoja mgeni. Saluni imejaa. Alibahatika kupata nafasi mwishoni mwa benchi, akakaa, na pembeni yake akaweka mkoba. Bibi mmoja akamwomba ausogeze.

"Samahani, bibi," msichana alisema. "Hapa pana mtu. Yuko njiani."

Meneja alikuwa anamsuka mtu upande wa pili wa chumba. Vidole vyake vikasimama. Alilitazama benchi. Ubao wake, pale kwenye mkoba mdogo usio na uzito wowote, ulikuwa umeanza kupinda taratibu kwenda chini, na harufu nyembamba ya yai viza ikamfika puani.

Aliacha kichwa nusu. Alivuka chumba kwa hatua tatu, akaunyakua ule mkoba, akamtupia msichana mapajani.

"Hakuna mtu hapo!" alisema, kwa sauti ambayo ilizimisha mazungumzo yote. "Umesikia? Hakuna! Bibi, njoo ukae. Kaa sasa hivi."

"Jamani," msichana alisema, "huyu dada mbona ana hasira hivi?"

Twiga na Mama Pacha hawakucheka. Bibi akakaa, na Meneja hakurudi kwenye kazi yake hadi ule ubao uliponyooka.